SIMU NI YAKO, UFUNGUO NI WA NANI?

Mwaka 2009 shemeji yangu anayeishi Minnesota, Marekani, aliniletea simu ya mkononi kwa mkono wa msafiri. Ilikuwa simu nzuri, kioo kipana, imeviringishwa ndani ya soksi isije ikakwaruzika njiani. Nilipotia laini yangu ya hapa Dar es Salaam ikaandika kwamba kadi hiyo haikubaliki. Nikaipeleka Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Kijana mmoja mwenye meza ndogo na kompyuta kuukuu aliigeuza mara mbili akasema, "Kaka, hii imepigwa loki huko huko kwao. Elfu thelathini, rudi baada ya saa moja." Nikalipa, nikarudi, simu ikaita.

Kijana yule hakuniuliza lolote kuhusu sheria, wala mimi sikumuuliza. Lakini huko simu ilikotoka, kazi yake ile ya saa moja ilikuwa imewashughulisha mawakili kwa miaka kadhaa, na uamuzi wa kuihalalisha au kuiharamisha ulikuwa mikononi mwa mkutubi. Naam, mkutubi, mtu wa vitabu. Hapo ndipo ninapotaka tufike leo, lakini tuanzie nyuma kidogo.

Wamarekani kwa miaka mingi hawakuwa na simu zao wenyewe. Kampuni ya AT&T, iliyokuwa imehodhi karibu biashara yote ya simu nchini humo, ilikukodisha chombo kilichokaa mezani kwako, ukalipa kila mwezi, na kikabaki mali yake. Ilikuwa ni mwiko kukiunganisha na kitu cha mtu mwingine. Kulikuwa na kampuni ndogo iliyotengeneza kikopo cha kuvalisha mdomo wa simu, kiitwacho Hush-A-Phone, ili jirani asisikie unachosema. Ni kikopo tu, hakina waya wala umeme. AT&T ikalalamika kwamba kikopo hicho kinaharibu huduma, na tume ya serikali inayosimamia mawasiliano ikakubaliana nayo. Ilibidi mahakama ya rufaa ya Washington, mwaka 1956, iseme kwamba mteja ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaa, ilimradi hamdhuru mwingine. Mwaka 1968 tume yenyewe ikafungua mlango zaidi katika shauri la Carterfone, chombo cha Thomas Carter wa Texas kilichounganisha redio za upepo na simu za kawaida. Kutokana na uamuzi ule watu wakaweza kununua simu dukani, na baadaye mashine za faksi na modemu za kompyuta.

Basi mtu angedhani suala limekwisha. Kumbe simu ya mkononi ililirudisha kwa mlango wa nyuma.

Tarehe 29 Juni 2007 kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone. Bei ilikuwa dola 499 kwa ndogo na dola 599 kwa kubwa, na aliyeinunua alitakiwa kuingia mkataba wa miaka miwili na AT&T pekee, jina lile lile la kale. Hapa lazima tuwatendee haki wenye makampuni, maana hoja yao si ya kipuuzi. Husema: tunakuuzia simu kwa bei ya hasara, fedha zetu tunazirudisha kidogo kidogo katika ada ya kila mwezi, hivyo ukihamia kwa mwingine umetudhulumu. Kampuni ya TracFone, inayouza simu za bei ya chini za malipo ya kabla, iliwashitaki watu waliokuwa wakizisomba simu hizo madukani, wakazitoa loki na kuziuza kwa faida. Hoja hiyo naielewa. Lakini iPhone ile ya kwanza haikuuzwa kwa punguzo la namna hiyo. Mteja alilipa bei kamili, akafungwa mkataba, na Apple ikapata fungu lake katika malipo ya AT&T. Na mkataba wenyewe ulikuwa na faini kwa anayeuvunja. Sasa kufuli la nini tena?

Mwezi Agosti mwaka ule ule kijana wa miaka 17 kutoka New Jersey, George Hotz, alitangaza kwamba amelifungua. Simu moja aliyoifungua aliibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z pamoja na iPhone tatu mpya. Steve Jobs, mkuu wa Apple, akasema akiwa London mwezi Septemba kwamba huu ni mchezo wa paka na panya. Siku chache baadaye Apple ilitoa programu mpya, na wengi waliokuwa wamefungua simu zao walipoiweka, simu zikafa kabisa. Zikaitwa matofali. Mwezi Oktoba kampuni ilikadiria kwamba simu kama 250,000 zilinunuliwa na watu waliokusudia kuzifungua, kati ya milioni 1.4 zilizokuwa zimeuzwa. Ikaanza kukataa fedha taslimu na kumwekea kila mteja kikomo cha simu mbili. Fikiria, msikilizaji, dukani wanakataa noti!

Wakati huo huo Ujerumani, ambako T-Mobile ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee, mshindani wake Vodafone alikwenda mahakamani Hamburg. Kwa majuma machache T-Mobile ikalazimika kuuza simu hiyo bila loki kwa euro 999, wakati yenye mkataba ilikuwa euro 399. Mwezi Desemba mahakama ikabadili uamuzi, kufuli likarudi.

Sasa tuje kwa mkutubi. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya hakimiliki inayojulikana kwa herufi DMCA. Nia yake ilikuwa kuwalinda wenye filamu na muziki: ni kosa kuvunja kufuli la kielektroniki linalolinda kazi yenye hakimiliki. Lakini ndani ya simu mna programu, na programu nayo ina hakimiliki. Hivyo sheria ya kulinda sinema ikageuka kuwa sheria ya kulinda mikataba ya simu. Anayeivunja kwa makusudi na kwa ajili ya faida anaweza kutozwa faini hadi dola 500,000 na kufungwa hadi miaka mitano, hata kama ni kosa la kwanza. Kwa hesabu hiyo kijana wangu wa Aggrey angekuwa jela.

Ofisi ya hakimiliki ya Marekani iko ndani ya Maktaba ya Bunge, na sheria inampa mkuu wa maktaba hiyo madaraka ya kutoa misamaha kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2006 alitoa msamaha kwa simu za mkononi, baada ya mwanasheria Jennifer Granick kuupigania. Mwaka 2010 ukarudiwa. Oktoba 2012, Mkutubi James Billington akauondoa: simu itakayonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013 isifunguliwe bila ruhusa ya kampuni. Sababu mojawapo ni kwamba simu zisizo na loki zilikuwa zimeanza kupatikana madukani. Nyingine ilitokana na hukumu ya mwaka 2010, kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk, iliyotia shaka kama mnunuzi ni mwenye programu au amepewa leseni ya kuitumia tu. Maana yake, ganda ni lako, roho umekodishwa. Tumerudi kwenye simu ya mezani ya AT&T.

Aliyewasha moto ni Sina Khanifar, ambaye alipokuwa mwanafunzi alipata riziki kwa kufungua simu na akatishiwa mashitaka na watengenezaji. Aliandika ombi kwa Ikulu ya Marekani. Zilihitajika sahihi 100,000 kwa siku 30. Zikapatikana zaidi ya 114,000. Machi 2013 Ikulu ikajibu kwamba inakubaliana na waombaji. Mswada ukaingia Bungeni, na hapo ndipo palipokuwa na jambo linalotugusa sisi. Kabla ya kura ya Februari 2014 yalichomekwa maneno ya kuwanyima ruhusa wanaofungua simu nyingi kwa ajili ya kuziuza tena. Baadhi ya watetezi wa mswada wakajitoa kwa hasira. Baraza la Seneti likayaacha maneno hayo, na Rais Obama akatia sahihi tarehe 1 Agosti 2014. Fundi naye akaruhusiwa kumfungulia mwenye simu.

Lakini tuseme ukweli, sheria hiyo ilirudisha msamaha tu, haikung'oa mzizi. Bado watu wanarudi kwa mkutubi kila miaka mitatu kuomba tena, na mwaka 2024 waliomba wakapewa. Kanada ilikata shauri kwa njia fupi zaidi: tangu Desemba 2017 simu mpya huuzwa bila loki. Uingereza ikafuata Desemba 2021.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki kufuli limekuja kwa sura nyingine. Mwaka 2020 Safaricom ya Kenya pamoja na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mtu huchukua simu kwa mkopo na kulipa kila siku, na asipolipa simu hufungwa kutoka mbali. Mipango ya namna hiyo sasa iko mingi, na imewapa simu watu ambao wasingezipata. Siipingi. Lakini ewe unayekwenda kuchukua ya kwako Jumatatu, kabla hujatia sahihi muulize muuzaji: siku nitakapomaliza deni, kufuli linaondolewa na nani, na baada ya siku ngapi? Mwambie akuandikie kwenye risiti.