Kubaki katika Mkataba na Kufunga Mlango: Tanzania na Ibara ya 34(6), 2010–2020

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala, wilayani Temeke. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka mengine Gongo la Mboto, wilayani Ilala. Katika kila tukio watu zaidi ya 20 walifariki dunia na nyumba nyingi zikabomoka. Maelfu ya wakazi wa Gongo la Mboto walikimbia usiku, na wengi wakahifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Matukio hayo yanafanana kwa mengi, lakini kisheria yanatenganishwa na jambo moja. Kati yake, tarehe 29 Machi 2010, Tanzania iliwasilisha tamko chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyounda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mkazi wa Mbagala, siku ya mlipuko, hakuwa na haki ya kuishtaki nchi yake yeye mwenyewe katika Mahakama hiyo. Mkazi wa Gongo la Mboto alikuwa nayo, mradi amalize kwanza ngazi za mahakama za ndani. Kwa mashauri mapya, tangu tarehe 22 Novemba 2020 haki hiyo haipo tena kwa yeyote kati yao.

Mjadala kuhusu mikataba ya haki za binadamu kwa kawaida huwekwa katika pande mbili: nchi ijitoe au mkataba urekebishwe. Historia ya Tanzania inaonesha njia ya tatu, nayo ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1984 na Itifaki mwaka 2006, na haijajitoa katika chochote kati ya hivyo. Tangu 2007 makao ya Mahakama yako Arusha. Kilichoondolewa ni tamko pekee, yaani ruhusa ya mtu binafsi na asasi zisizo za kiserikali kufungua shauri moja kwa moja.

Hati ya kuondoa tamko iliwasilishwa tarehe 21 Novemba 2019. Sababu iliyotolewa ni kwamba tamko lilitekelezwa kinyume cha masharti ambayo Tanzania iliyaweka mwaka 2010: kwamba nafuu zote za ndani zimalizike na Katiba izingatiwe. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba mwombaji halazimiki kuomba mapitio ya hukumu katika Mahakama ya Rufani kwa kuwa mapitio ni nafuu isiyo ya kawaida. Katika shauri la Alex Thomas, lililoamuliwa tarehe 20 Novemba 2015, Serikali ilidai kwamba Mahakama inajifanya ngazi ya rufaa juu ya Mahakama ya Rufani. Mahakama ilijibu kwamba haikai kama mahakama ya rufaa, bali hupima mwenendo wa shauri kwa kipimo cha Mkataba ambao nchi yenyewe iliuridhia.

Hata hivyo, hoja ya Serikali ilihusu tafsiri ya sharti, na mgogoro wa tafsiri hutatuliwa kwa kulifafanua sharti. Nchi ingeweza kuwasilisha tamko jipya lenye maneno bayana zaidi, au kushauriana na nchi nyingine wanachama kuhusu marekebisho ya Itifaki. Kuondoa tamko hakukurekebisha tafsiri iliyolalamikiwa, kulimwondoa mlalamikaji.

Mifano ya mashauri inaonesha uzito wa hatua hiyo. Hukumu ya tarehe 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na asasi mbili, ilitamka kwamba kumzuia mgombea binafsi ni ukiukaji wa Mkataba. Tarehe 28 Novemba 2019, wiki moja baada ya hati ya kuondoa tamko kuwasilishwa, shauri la Ally Rajabu na wenzake liliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Upangaji huo wa tarehe hauthibitishi kwamba moja lilisababisha jingine. Unathibitisha tu aina ya maswali yaliyokuwa yakipita katika mlango huo.

Njia zilizobaki ni nyembamba. Tume ya Afrika iliyoko Banjul bado inapokea malalamiko, na yenyewe inaweza kuyafikisha Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo, lakini mlalamikaji binafsi ana miezi miwili tu ya kufungua shauri. Ndani ya nchi, marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aoneshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Hivyo mwaka uleule mlango wa nje ulifungwa na wa ndani ukapunguzwa.

Haidaiwi hapa kwamba familia za Gongo la Mboto zingeshinda Arusha, wala kwamba hukumu ingejenga upya nyumba zao. Linalodaiwa ni dogo zaidi: wajibu wa nchi kulinda uhai na mali chini ya Ibara ya 4 na ya 14 za Mkataba unabaki ulivyokuwa. Deni lipo, aliyenyang'anywa ni mdai. Nchi inayojitoa hadharani hulazimika kueleza ni haki ipi inayoikataa. Nchi inayobaki na kufunga mlango haiulizwi swali hilo, na kwa sababu hiyo marekebisho ya tamko, kwa masharti yaliyo wazi, ndiyo njia inayostahili kurejewa.