Wakili wa Miliki Bunifu Nchini Kenya

Hadi mwisho wa miaka ya 1980, Kenya haikuwa na hataza yake yenyewe. Sheria ya kikoloni, Sura ya 508, ilimtambua mvumbuzi aliyekwisha kupewa hataza Uingereza, ikampa miaka 3 ya kuisajili Nairobi. Kazi ya wakili ilikuwa ya makaratasi: alipokea maelezo ya uvumbuzi na cheti kutoka ofisi ya hataza ya London, akajaza fomu, akalipa ada, akamkabidhi msajili. Hakuna aliyehoji kama kifaa chenyewe ni kipya, maana hilo lilikwisha kuamuliwa ng'ambo. Fundi wa Kisumu aliyebuni mashine ya kukoboa mahindi ilimbidi aanzie London, na mfuko wake haukuruhusu. Ilikuwa dhuluma iliyovaa joho la sheria.

Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 1989 ilikata kamba hiyo. Mwaka 1990 ofisi ya kuchunguza maombi ilifunguliwa nchini, na wakili akalazimika kujifunza ufundi mgumu wa kuandika madai ya hataza. Dai ni kama mpaka wa shamba. Likitanuka mno, linameza yanayojulikana tayari na ombi linakataliwa. Likibanwa mno, mshindani hubadilisha kijisehemu kimoja akapita bila kosa. Itifaki ya Harare ya 1982 nayo iliwezesha ombi moja kufikia nchi kadhaa za Afrika.

Jaribio kubwa zaidi lilitokana na dawa. Sheria mpya ya Miliki ya Viwanda ya 2001 iliruhusu kuagiza kutoka nje dawa halali za bei nafuu, lakini Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 ikaeleza maana ya bidhaa ghushi kwa upana wa kutisha, hata dawa za jeneriki zikaweza kuingizwa humo. Watu 3 wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, ambao uhai wao ulitegemea dawa hizo, walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika vilihatarisha haki ya uhai, utu na afya, akaitaka serikali ivitazame upya. Haki za mwenye hataza, ambazo mawakili walikuwa wamezoea kuzilinda bila kupingwa, sasa zilipimwa mbele ya Katiba ya 2010.

Kutoka hapo taaluma ikapanuka hadi kwenye teknolojia ya habari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ililazimu tathmini ya athari kabla ya kuchakata taarifa za watu pale ambapo haki zao zingeweza kuwa hatarini. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vya kidijitali vya serikali, kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa, ingawa taarifa zilikusanywa miezi kadhaa kabla sheria haijapitishwa. Tangu hukumu hiyo, wakili huitwa mfumo ukiwa bado unasanifiwa.