Dada Asha kaponea chupuchupu

Jamani, nyie mnaodhani nyimbo kali zote zilitoka Dar, Tabora mnaijua? Mji huu wa misafara ya pembe za ndovu ulikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wale wa Segere Matata. "Dada Asha" ya Shem Karenga wa Tabora Jazz si mnaisikia kwenye zilipendwa? Basi ilikuwa bahati! Chati hazikuwepo. Kuvuma ni mpaka Radio Tanzania, Dar, kwa treni, karibu njia ileile ya wapagazi (reli ilifika Tabora 1912). Santuri nazo zilitengenezwa Kenya, na mpaka ukafungwa 1977. Sasa nyimbo ngapi ziliishia kwenye madansi ya Tabora bila mkanda? Mimi nasema nyingi tu, na nyingine kali kuliko Asha.