Simba wa Fedha: Utambuzi na Thamani ya Leeuwendaalder ya Uholanzi

Mwaka 1575, wakati wa uasi dhidi ya utawala wa Hispania, jimbo la Holland lilianza kutoa leeuwendaalder, sarafu ya fedha yenye nembo ya simba. Utambuzi wake huanzia kwenye sura. Upande mmoja huonyesha askari aliyesimama nyuma ya ngao, na upande wa pili simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa ukingoni hutaja jimbo: HOL kwa Holland, TRANSI kwa Overijssel.

Hata hivyo, sura pekee haitoshi. Uzani halali ulikuwa takribani gramu 27.68, na robo tatu tu ya uzani huo ndiyo iliyokuwa fedha halisi, yaani gramu 20.76 hivi. Uzani pungufu huashiria uchakavu au kukatwa kwa ukingo. Aidha, baadhi ya watawala wadogo wa Italia waliiga sura hiyo ili kunufaika na imani iliyokwisha kujengeka.

Imani hiyo ndiyo kiini cha suala la thamani. Rijksdaalder ilikuwa na fedha nyingi zaidi, lakini katika Dola ya Uthmaniyya sarafu ya simba ndiyo iliyozoeleka. Waarabu waliiita abu kalb, yaani "baba wa mbwa", kwa jinsi simba huyo alivyofanana na mbwa. Majina ya leu ya Romania na lev ya Bulgaria huhusishwa nayo pia. Kwa hiyo, mizani hupima madini. Thamani ya kihistoria hupimwa sokoni ilikopokelewa.