Mto Partnach na Korongo Lake
Garmisch-Partenkirchen, Bavaria, Ujerumani

Chanzo
Maji haya yametoka Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani (mita 2,962). Huko juu, theluji na barafu zikiyeyuka, maji huzama katika nyufa za mawe ya chokaa, hupita chini kwa chini, kisha hububujika kwenye bonde la Reintal, kimo cha mita 1,440 hivi. Mto una urefu wa takriban kilomita 18 na humwaga maji yake katika Mto Loisach.

Korongo
Lina urefu wa mita 700 hivi na kina cha zaidi ya mita 80. Mto ulilichimba kwa maelfu ya miaka, ukisugua mwamba kwa mchanga na changarawe. Tazama ukutani: mashimo ya mviringo, laini kama bakuli, yamechongwa na mawe yaliyozungushwa na maji.

Kuni
Tangu karne ya 18, wenyeji walisafirisha kuni kwa mto huu. Kila gogo lilitiwa alama ya mwenyewe, likatupwa majini theluji ilipoyeyuka. Magogo yakikwama, wanaume walishushwa kwa kamba kuyakwamua kwa kulabu ndefu. Ilikuwa kazi ya hatari.

Hifadhi
Korongo lililindwa kama kumbukumbu ya asili mwaka 1912. Mto bado unabadilisha bonde: Agosti 2005, mafuriko yalilifukia kwa changarawe ziwa dogo la Blaue Gumpe.

Tafadhali usivuke vizuizi.