Mwenzetu Aliyeacha Ofisi Akafungua Saluni

Katika historia ya kikundi chetu hapa Morogoro hatuwezi kuruka habari ya mwenzetu huyu. Mwaka 2017, akiwa na miaka 34, aliacha kazi ya uhasibu kwenye kampuni moja, akaja kuomba mkopo wa shilingi 800,000 afungue saluni. Tulicheka jamani. Mtu wa kiyoyozi ataweza kusimama kutwa anasuka? Tukamnyima. Mkutano wa tatu ndipo akapata wadhamini, akanunua draya moja, sinki la kuoshea nywele na kioo.

Wateja walikuwa wachache, na wengi waliulizia mkorogo. Marejesho yakachelewa. Hapo sisi viongozi, mwenyekiti akiwa mbele, tulimshauri auze hizo krimu apate hela ya haraka. Akatukatalia. Alisema zebaki haiishii kwenye ngozi, inakwenda mpaka kwenye figo, na serikali imeshapiga marufuku. Tukamtoza faini ya kuchelewa, akalipa kimya.

Alichotoka nacho ofisini ni daftari. Kila jioni aliandika mafuta yaliyotumika, umeme, hata vichwa alivyosuka bure kwa marafiki, maana hivyo ndivyo vinavyoua saluni. Mkopo aliumaliza kwa miezi 14. Na ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotutaka tujisajili, yeye ndiye aliyetupangia vitabu vyote.

Faini yake, shilingi 10,000, tulimrudishia mwaka jana. Akatuandikia risiti.