Bafa na Int16Array: siku Ziwa Victoria lilipoipita Kilimanjaro

Wadau, wanaojifunza JavaScript wananiuliza kila mara: bafa ni nini, na Int16Array inaingiaje hapo? Leo najibu kwa kosa langu mwenyewe.

Ndugu yangu wa Muleba aliniomba ramani ya miinuko, wajue bomba la maji lipite wapi ili maji yashuke yenyewe bila pampu. Nikiwa Bukoba mjini nikapakua faili S02E031 la vipimo vya SRTM, vilivyochukuliwa kutoka angani na chombo cha Endeavour Februari 2000. Faili hilo moja linabeba Bukoba na Muleba: vipimo 1,201 kwa 1,201, kila kimoja baiti 2, jumla baiti 2,884,802.

Ukilisoma kwenye JavaScript unapata ArrayBuffer. Hiyo ndiyo bafa: kipande cha kumbukumbu chenye baiti tupu. Yenyewe haijui kama imebeba muziki au milima, na huwezi kuigusa moja kwa moja. Lazima upitie dirisha. Uint8Array inahesabu baiti moja moja. Int16Array inazichukua mbili mbili, unapata namba 1,442,401. Chumba ni kile kile: ukibadilisha kitu kupitia dirisha hili, lile linaonyesha. Hata subarray ni dirisha tu. Slice ndiyo inayonakili.

Sasa kosa lenyewe. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Ramani yangu ikasema 28,164! Kilimanjaro yenyewe ni 5,895. Kumbe faili linaandika 1,134 kama baiti 4 na 110, yaani 4 × 256 + 110, yenye uzito mkubwa ikitangulia. Int16Array hufuata mpangilio wa kompyuta, na nyingi huanza na yenye uzito mdogo: 110 × 256 + 4. Dawa ni DataView: getInt16 yake, usipoiambia vingine, huanza na yenye uzito mkubwa.

Ziwa lilinishtua, nikashtuka mapema. Lakini kilima cha mita 1,284 kingegeuka 1,029, namba isiyoshtua ukiitazama haraka, na bomba lingechimbiwa pabaya. Kwa hiyo kabla ya kuamini safu yoyote, soma kwanza kipimo kimoja unachokijua.

Mwenye swali alitupie hapo chini. Kazi kwenu!